Darasa lililopata 27: uchambuzi wa kisa cha kufundisha maumbo yenye ujazo

Kisa hiki ni cha darasa moja la hisabati la wanafunzi wa umri wa miaka 12 hadi 14. Majina, shule na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa, na mwalimu mhusika ameusoma uchambuzi huu na kuuridhia. Nilikuwa upande wake kama mshauri wa somo: nakaa nyuma ya darasa, naandika ninachokiona, kisha tunapanga pamoja kipindi kinachofuata. Uamuzi wa mwisho ulikuwa wake kila mara.

Usuli

Darasa lilikuwa limemaliza mada ya ujazo. Kanuni walikuwa nayo mdomoni: urefu mara upana mara kimo. Katika jaribio la kufunga mada kulikuwa na picha ya mchemraba mkubwa uliojengwa kwa vipande vidogo vya mchemraba, vitatu kwa vitatu kwa vitatu, na swali likauliza vimetumika vipande vingapi. Karibu wote waliandika 27. Mwalimu akarekodi kwamba mada imeeleweka, akaenda kwenye mada inayofuata, ya maumbo yaliyokunjuliwa.

Huko ndiko mambo yalikokwama. Walipoulizwa uso upi utakuwa mkabala na upi karatasi ikishakunjwa, walibahatisha. Walipotakiwa kuchora kisanduku jinsi kinavyoonekana kikiangaliwa kwa juu, wengi walichora tena picha ileile ya mbele waliyowekewa mezani. Walipoonyeshwa mraba uliosimama kwa kona moja, baadhi walikataa kabisa kwamba ni mraba. Na walipotafuta kimo cha pembetatu ambayo kitako chake kimelala mshazari, waliteremsha mstari wima kwenda chini ya ukurasa, kana kwamba kimo ni suala la karatasi na si la pembetatu.

Mwalimu alikuwa na maelezo mawili. La kwanza, kwamba mada mpya ni ngumu. La pili, kwamba kundi hili halina kipaji cha kuona maumbo kichwani. Hilo la pili ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu mwalimu akishaamini hivyo huacha kufundisha kitu hicho na kuanza kukizunguka. Na ushahidi uko kinyume chake. Mwaka 2013 David Uttal na wenzake walikusanya pamoja tafiti 217 za mafunzo ya uwezo huu na kukuta kwamba mafunzo yanauongeza, kwa watoto na kwa watu wazima, na kwamba ongezeko hilo linaweza kudumu na kuvuka hadi kwenye kazi ambazo mtu hakufunzwa moja kwa moja. Tulikubaliana tusiseme lolote kuhusu kipaji hadi tujue hasa watoto wanaona nini wanapoangalia picha.

Tukarudi kwenye swali lililokuwa limefaulisha darasa, tukabadilisha kisanduku tu.

Majibu ya kisanduku cha 4 × 3 × 2

Picha ilionyesha kisanduku chenye vipande 4 kwenda kulia, 3 kwenda nyuma na 2 kwenda juu. Nyuso tatu zilionekana: ya mbele, ya juu na ya kulia. Hatukuandika vipimo pembeni, maana vipimo vikiandikwa mtoto anazidisha tu na hatujui chochote. Jibu ni 24.

Waliopata 24 walikuwa wachache. Kilichotushangaza ni kwamba majibu mengine hayakutawanyika ovyo. Yalijikusanya kwenye namba tatu, 26, 18 na 52, na mmoja mmoja 36. Hapo ndipo kisa chote kilipogeuka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Anayeandika 26 amehesabu miraba yote inayoonekana: 8 mbele, 12 juu, 6 upande wa kulia. Huyu haoni kisanduku. Anaona mchoro bapa uliojaa miraba, na kipande cha kona ya mbele anakihesabu mara tatu kwa kuwa kinaonyesha nyuso tatu. Anayeandika 52 ni yuleyule, ila amekumbuka kwamba kuna pande asizoziona, akazidisha kwa mbili. Anayeandika 18 yuko mbali zaidi kwenye safari: anajua kipande ni kitu kizima, hakirudii, lakini vile vipande 6 vya tabaka la chini vilivyofunikwa huko nyuma havipo kabisa katika picha yake. Anayeandika 36 amevihisi, akazidisha 18 kwa mbili kwa kukisia.

Makosa haya manne si mageni. David Ben-Chaim, Glenda Lappan na Richard Houang waliyaeleza mwaka 1985 walipochunguza wanafunzi wa umri huuhuu. Kwa mwalimu wetu thamani yake ilikuwa ya papo hapo: karatasi nne zenye alama ya kosa zilikuwa zinasema mambo manne tofauti, na mwenye 18 hakuhitaji somo lilelile la mwenye 26.

Sasa, mbona walipata 27? Hesabu miraba inayoonekana kwenye mchemraba wa tatu kwa tatu kwa tatu: 9 mbele, 9 juu, 9 upande. Jumla 27. Mtoto anayehesabu miraba ya mchoro na mtoto anayeona vipande vyote wanaandika namba moja. Swali lilikuwa limewapa wote alama ya vema, na mwalimu hakuwa na namna ya kuwatofautisha.

Tulipokaa na karatasi tukakuta mtego huo una ndugu wawili. Idadi ya miraba inayoonekana inalingana na idadi ya vipande katika visanduku vitatu pekee: 3 × 3 × 3, 2 × 4 × 4 (32 kwa 32) na 2 × 3 × 6 (36 kwa 36). Kosa la kuhesabu vipande vinavyoonekana tu nalo lina mahali pake pa kujificha: kisanduku chochote chenye unene wa kipande kimoja, kwa sababu hapo hakuna kilichofunikwa. Hata 5 × 2 × 3 ina hatari yake. Jibu ni 30, miraba inayoonekana ni 31, na mwalimu mwenye huruma atadhani mtoto alielewa vizuri akateleza moja tu.

Hatua ya kwanza: vipande mkononi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa ule ambao wengi wetu tungeufanya. Watoto hawaoni kitu, basi wape kitu. Mwalimu aliwagawa katika vikundi, kila kikundi seti moja ya vipande vya mbao, wajenge kisanduku cha kwenye picha na kuhesabu. Kila kikundi kilipata 24. Darasa lilichangamka.

Kipindi kilichofuata aliwapa picha nyingine bila vipande. Namba za makosa zikarudi zilevile.

Sababu ilionekana wazi mezani kwa mwanafunzi nitakayemwita A. Alikuwa akiweka kipande kimoja kimoja huku akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi ishirini na nne. Mwalimu akakifunika kisanduku kwa daftari, akamuuliza, “Tabaka la chini lina vingapi?” A akamtazama. “Sijui, mwalimu. Nilikuwa nahesabu vyote.” Alikuwa amejenga kisanduku sahihi bila kukiona hata mara moja. Mkono ulifanya kazi yote, jicho halikuulizwa kitu.

Kulikuwa na tatizo la pili, la kijamii. Seti moja kwa kikundi ilimaanisha mjenzi mmoja. Yule mwepesi alinyakua vipande, wengine wakawa makatibu, na waliojikuta makatibu walikuwa walewale ambao kwenye picha waliandika 26. Waliohitaji mazoezi zaidi ndio walioyakosa.

Hatua ya pili: bashiri kwanza, jenga baadaye

Mpango ukageuzwa. Vipande vilibaki, lakini nafasi yake ikabadilika: badala ya kuwa njia ya kupata jibu vikawa njia ya kupima jibu. Utaratibu ulikuwa huu. Kila mwanafunzi anapata picha yake. Anakaa kimya. Anaandika ubashiri wake kwa kalamu ya wino, usifutike, pamoja na mchoro mdogo au maneno machache ya jinsi alivyoupata. Baada ya hapo ndipo anagusa vipande, na kila mmoja ana vya kwake, hata kama ni vichache na inabidi kisanduku kiwe kidogo. Mwisho analinganisha na kuandika pale picha yake ya kichwani ilipotofautiana na kitu halisi.

Kimya hicho kilikuwa na sababu. Mwaka 1971 Roger Shepard na Jacqueline Metzler walionyesha watu jozi za michoro ya maumbo yaliyojengwa kwa vipande vya mchemraba, wakawauliza kama ni umbo moja lililogeuzwa au ni maumbo mawili tofauti. Muda wa kujibu uliongezeka sambamba na pembe ya tofauti kati ya michoro: umbo lililogeuzwa zaidi lilichukua muda zaidi, kana kwamba mtu analizungusha kweli kichwani hatua kwa hatua. Kwa maneno mengine, kugeuza umbo kichwani ni kazi inayokula muda. Darasa ambalo mkono wa kwanza kunyooshwa ndio unaojibu linawanyang'anya wengine kazi hiyo katikati. Mwalimu alipiga marufuku mikono kunyooshwa kwa nusu dakika ya kwanza ya kila swali. Waliona ni adhabu mwanzoni, hasa wale wepesi. Walizoea.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa kwenye swali lenyewe. Badala ya “viko vingapi?” mwalimu alianza kuuliza “ukiinua tabaka la juu, unashika vipande vingapi? Na yanabaki matabaka mangapi?” Wazo hili linaungwa mkono na kazi ya Michael Battista na Douglas Clements ya mwaka 1996: watoto wanaofika kwenye kuhesabu kwa uhakika ni wale wanaoacha kuona rundo la vipande na kuanza kuona kisanduku kimepangwa kwa tabaka juu ya tabaka.

Mwanafunzi B alikataa matabaka ya mlalo. Akajenga ukuta wa mbele kwanza, vipande 8, kisha akasema, “Zipo kuta tatu, moja nyuma ya nyingine.” Nilimwona mwalimu akisogea kumrekebisha, kisha akasimama. Aliniambia baadaye kwamba aliona mtoto ana mpango, na mpango ndio aliokuwa akiutafuta. Akamwita B mbele aonyeshe. Mwingine akainuka na kusema yeye anakata kwa upande wa kulia: vipande 6, mara nne. Ubaoni pakawa na mistari mitatu:

12 + 12
8 + 8 + 8
6 + 6 + 6 + 6

Kimya kikapita. Halafu mtoto aliyekuwa ameandika 52 akasema kwamba ndiyo maana haijalishi unaanza na urefu au kimo. Kanuni ambayo darasa lilikuwa likiikariri tangu mwanzo wa mada ilipata maana pale, kutoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemtegemea. Nimeliandika hili kwa urefu kwa sababu kama mwalimu angemsahihisha B, mistari hiyo mitatu isingekuwepo.

Hatua ya tatu: kuchora na kubadili mahali pa kusimama

Kuchora kulianza vibaya kwa jambo dogo la vifaa. Karatasi za nukta zilizopangwa kwa pembetatu zina upande wake sahihi: nukta lazima zijipange wima, moja juu ya nyingine, la sivyo kingo za wima za kisanduku hazina pa kupita. Nusu ya darasa walikuwa wameishika karatasi kwa ubavu, wakachora masanduku yaliyopinda na kuamini kwamba wao ndio hawajui kuchora. Mshale mmoja juu ya karatasi ulimaliza tatizo. Baada ya hapo walifundishwa kuanza na kona iliyo karibu zaidi na jicho, pale kingo tatu zinapokutana, na kujenga mchoro kutoka hapo.

Michoro ya mwonekano wa mbele, wa upande na wa juu iliongozwa na kanuni moja: chora kwanza, kisha inuka uende usimame upande ule na uangalie. Kuna wanafunzi waliochora mwonekano wa upande wa kulia kwa kugeuza kulia na kushoto, na maneno hayakuwasaidia. Kwenda kusimama pale kuliwasaidia. Na walianza kutumia viganja: kiganja kimoja kinakuwa ukuta wa mbele, kingine kinakuwa paa. Mwalimu alikuwa na mazoea ya kuwaambia watulize mikono. Tuliafikiana aache, kwa sababu mkono wa mtoto ulikuwa unatuonyesha picha yake mapema kuliko maneno yake.

Kipindi bora kuliko vyote kilitokana na swali lililoonekana jepesi. Mwonekano wa juu: mraba wa vipande viwili kwa viwili. Mwonekano wa mbele: mraba wa viwili kwa viwili. Wa upande: hivyohivyo. Jenga. Vimetumika vingapi?

Karibu wote walisema 8 na kuendelea na mambo yao. Mwanafunzi C alikuwa na 6. Jirani yake akamwambia amekosea, C akamwambia, “Njoo uangalie.” Jirani akainama mbele: mraba. Akazunguka upande: mraba. Akasimama juu: mraba. C alikuwa ameweka minara miwili ya vipande viwili kwenye kona za mshazari, na kipande kimoja kimoja kwenye kona zilizobaki. Kwa mbele, mnara mmoja unaziba safu yake na mwingine unaziba ya pili. Darasa zima likahamia kwenye meza hiyo. Kuna aliyepata 7 kwa kuondoa kipande kimoja cha juu. Kuna aliyeuliza kama 5 inawezekana, na jibu lilitoka kwa wenzake: tabaka la chini linahitaji vyote vinne ili mwonekano wa juu ujae, na kwa juu lazima kuwe na angalau viwili, maana kimoja hakiwezi kuziba safu zote mbili. Waliokazana hadi mwisho wa kipindi walipanga majengo yote yanayokubalika: moja la vipande 8, manne ya vipande 7, mawili ya vipande 6. Saba kwa jumla.

Hapo walikuwa wanatoa hoja za lazima na haiwezekani, bila mtu kuwaambia kwamba huo ni uthibitisho. Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, walimu wa Uholanzi walioandika tasnifu zao mwaka 1957, walieleza kwamba fikra za jiometri hupanda ngazi: kwanza mtoto anatambua umbo kwa sura yake, kisha kwa sifa zake, kisha anaanza kuona jinsi sifa moja inavyolazimisha nyingine. Mtoto aliyekataa kwamba mraba uliosimama kwa kona ni mraba yuko ngazi ya kwanza. Darasa lililokuwa limezunguka meza ya C lilikuwa limefika kwenye ngazi ya tatu, walau kwa swali hilo.

Programu ya GeoGebra ilitumika pia, kupitia projekta moja. Siku ya kwanza haikuleta kitu: umbo likizunguka lenyewe ukutani, wanafunzi wanatazama, wanasubiri lifike upande unaoulizwa, wanajibu. Mwalimu akaitiisha chini ya utaratibu uleule wa kubashiri. Picha inasimamishwa, wanachora umbo litakavyokuwa baada ya robo mzunguko, ndipo linazungushwa. Programu ileile ikawa na manufaa.

Hatua ya nne: kukunja

Hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa kazi kubwa ilikwishafanyika. Walipewa miraba sita iliyounganishwa kingo kwa kingo na kuulizwa ni mipangilio ipi inakunjika kuwa mchemraba. Mipangilio ya aina hiyo iko 35, inayokunjika ni 11. Hawakuruhusiwa kukata karatasi kabla ya kuandika ndani ya kila mraba herufi ya uso utakaokuwa mkabala nao. Kanuni waliigundua wenyewe: katika mstari ulionyooka, miraba miwili iliyotenganishwa na mmoja huwa mkabala. Waligundua pia kwamba mpangilio wowote wenye miraba minne iliyobanana mbili kwa mbili haukunjiki, na sababu aliitoa A, yuleyule wa kuhesabu kwa sauti: kwenye kona ya mchemraba zinakutana nyuso tatu, na zikiwa nne karatasi inabaki bapa.

Matokeo

Mwishoni darasa lilipewa visanduku vipya kwa picha tu, vilivyochaguliwa kukwepa ile mitego mitatu. Walio wengi sasa walitoa jibu sahihi na kuandika matabaka waliyoyatumia. Majibu ya kuhesabu miraba ya mchoro yalikaribia kutoweka. Jibu la kuhesabu vinavyoonekana tu lilibaki kwa wachache, hasa visanduku vilipokuwa na kina kirefu kwenda nyuma.

Swali la mtihani lililonifurahisha zaidi halikuwa limefundishwa. Mchemraba wa 4 × 4 × 4 umepakwa rangi nje, kisha umevunjwa vipande. Vipande vingapi vina rangi? Mwenye kanuni peke yake anajikuta na 64, au anazidisha 16 kwa 6 na kupata 96, ambavyo ni vingi kuliko vipande vyote vilivyopo. Kadhaa waliandika 56, na maelezo yao yalifanana: ukiondoa vya nje pande zote, ndani unabaki mchemraba wa 2 × 2 × 2, yaani 8, na 64 kutoa 8 ni 56. Hawakuhesabu nyuso. Waliona kilichoko ndani ya kitu ambacho hakionyeshi ndani.

Upande wa pili, koni iliwashinda. Walipoulizwa koni isiyo na kitako ikikatwa kwa upande na kutandazwa itakuwa umbo gani, wengi walichora pembetatu. Hata waliokuwa hodari kwenye mchemraba.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kama ningelazimika kuchagua jambo moja, ningechagua ubashiri ulioandikwa kwa wino. Vipande vilikuwepo katika hatua ya kwanza na ya pili, vilevile, kwa watoto walewale. Tofauti ilikuwa kwamba katika hatua ya pili mtoto alikuwa na dai lake kabla ya kugusa. Kitu kikija kabla ya dai, kinachukua nafasi ya kuwaza. Kikija baada yake, kinalikubali au kulikataa, na kule kukataliwa ndiko kunakomfanya mtoto arudi kutazama picha yake. GeoGebra ilithibitisha jambo hilohilo kwa upande wake, kwa hiyo sidhani suala ni mbao dhidi ya kompyuta.

La pili ni kusoma namba ya kosa. Mwalimu alianza kuandaa maswali kwa kujiuliza kwanza: anayehesabu miraba atapata ngapi hapa? Anayehesabu vinavyoonekana je? Kama namba hizo zinagongana na jibu sahihi au ziko jirani nalo sana, kisanduku kinabadilishwa. Kazi hii inachukua dakika chache, na bila hiyo mtihani unaweza kumpa mwalimu habari za uongo kwa mwaka mzima.

La tatu ni kuruhusu zaidi ya mkato mmoja. Tungesisitiza matabaka ya mlalo, tungepata majibu sahihi na kukosa sababu ya kanuni.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Muda. Mpango huu ulikula vipindi vilivyotengewa mada nyingine, na mwalimu ilimbidi abane takwimu ili kufidia. Anayetaka kuufuata ajue hivyo mapema. Ushauri wangu ni kuupachika ndani ya mada ya ujazo tangu mwanzo badala ya kuja kuurudia, kwa sababu sehemu kubwa ya muda ilikwenda kuvunja mazoea ya kukariri.

Wanafunzi wawili hawakuonyesha mabadiliko ya maana. Wote wawili walikuwa na shida ya kuandika maelezo, na utaratibu wetu ulidai maandishi kabla ya kila kitu. Inawezekana kabisa kwamba waliona vizuri kuliko karatasi zao zilivyosema. Ubashiri wa kuonyesha kwa mikono au kusema kwa mdomo ungewapa nafasi, na haukuwemo kwenye mpango.

Halafu koni. Kila tulichofanya kilijengwa juu ya miraba na kingo zilizonyooka, kwa hiyo watoto walijifunza vizuri kufungua vitu vyenye mikunjo. Koni haina mkunjo. Aliyechora pembetatu alichukua sura ya koni ikitazamwa kwa ubavu na kuigeuza kuwa umbo lililotandazwa, na hilo ni kosa la jamii moja na 26: kuchukua mchoro badala ya kitu. Maana yake ni kwamba ushindi kwenye mchemraba hauhamii wenyewe kwenye maumbo ya mviringo. Yanahitaji kazi yake.

Mwalimu amekwishapanga kazi hiyo. Wanafunzi watapewa koni ya karatasi na uzi. Watapima kutoka ncha hadi ukingo wa chini mahali pengi kadiri watakavyo, na watakuta urefu ni mmoja kila mahali. Kabla mkasi haujaguswa wataandika kwa wino: ukingo ambao kila nukta yake iko umbali uleule kutoka ncha, ukitandazwa utakuwa mstari ulionyooka au tao? Anayesema umenyooka atatakiwa kupima, kwenye pembetatu aliyoichora mwenyewe, umbali kutoka ncha hadi katikati ya kitako na kutoka ncha hadi kona.